Pleya ndogo ya klipu na faili za VBR: sauti iko fresh, dakika ndo zinasumbua

Kwa wenye haraka nawapa jibu hapa hapa juu: hii pleya inapiga VBR (faili ambazo bitireti, yaani idadi ya biti kwa sekunde, inabadilika wimbo ukiendelea), tena inapiga vizuri bila kukwama, ila dakika inazokuonyesha kwenye skrini usiziamini mpaka uhakikishe faili zako zina heda (maelezo yanayoandikwa mwanzoni mwa faili) iliyokaa sawa, na kama wewe ni mtu wa podikasti ndefu au vitabu vya kusikiliza basi soma mpaka chini kabla hujatoa hela yako.

Naongelea zile pleya ndogo za kubana kwenye nguo, zenye skrini ndogo ya rangi, batani chache pembeni, tundu la hedifoni la milimita 3.5 na nafasi ya kadi ya microSD, hazina intaneti wala nini. Zinauzwa kwa majina tofauti tofauti ila ukiziwasha menyu ni ileile, ndo maana sioni sababu ya kutaja jina. Mwili uko poa, mwepesi, klipu inashika hata ukikimbia, batani unazibonyeza gizani bila kuangalia, na sauti kwenye hedifoni ya kawaida inatosha kabisa. Hayo nayapitia haraka manake muuzaji yeyote atakwambia, mi kilichonifanya niandike ni kitu ambacho wauzaji hawakigusi kabisa, yaani VBR.

Kwenye boksi wameandika MP3, 32 hadi 320 kbps, basi, hakuna neno lingine. Mtu akiona hivyo anajua MP3 yoyote itaenda. Lakini hayo maandishi yanakwambia tu bitireti ndogo na kubwa inazokubali, hayakwambii pleya inafanya nini bitireti inapobadilika katikati ya wimbo, na hapo ndo pleya zinapoachana.

Kwa ambaye hajawahi kulifuatilia hili: CBR ni pale kila sekunde ya wimbo inapewa biti zilezile mwanzo mwisho, iwe ni gitaa moja linalia taratibu au bendi nzima imeingia kwa pamoja. Kwenye VBR enkoda, yaani programu inayotengeneza MP3, inaangalia kila kipande, sehemu nyepesi inaipa biti chache, sehemu nzito inaipa nyingi. Ukitumia enkoda ya LAME kwa seti ya ubora ya V2 unapata wastani wa kama 190 kbps, V0 inapanda mpaka kama 245, na ni ngumu sana kwa sikio kuzitofautisha na CD yenyewe, huku faili ikiwa ndogo kuliko CBR ya 320. Kwenye kadi iliyojaa albamu hiyo tofauti unaiona, zinaingia nyimbo nyingi zaidi, na mi kwa upande wangu muziki wangu wote naupenda hivyo.

Sasa ndani ya MP3 wimbo umekatwa vipande vidogo vidogo vinaitwa fremu. Kwa wimbo wa 44.1 kHz kila fremu ina sampuli 1152, ambayo ni kama milisekunde 26 za sauti, kwa hiyo sekunde moja ina fremu kama 38. Kila fremu inaanza na baiti 4 zinazosema bitireti yake ni ngapi. Fremu ya 128 kbps ina baiti 417 hivi, ya 320 ina 1044 hivi. Kwenye CBR zote zinalingana, kwenye VBR hii kubwa ile ndogo. Na kiwango chenyewe cha MPEG-1 kilichotoka 1993 kinasema kabisa kwamba Layer III, ambayo ndo hii tunaita MP3, inaruhusu bitireti kubadilika kutoka fremu moja kwenda nyingine, kwa hiyo hakuna mtengenezaji wa pleya anayeweza kusema VBR ni kitu cha pembeni au cha nyongeza, ipo kwenye msingi tangu siku ya kwanza.

Na kwenye kupiga sauti tu, hii pleya imefaulu. Nimeipa V0, V2, V5, nimeipa ABR (bitireti inabadilika ila inalenga wastani fulani), nimeipa nyimbo zinazoanza kimya kabisa halafu ngoma zinaingia ghafla zote kwa mpigo, ambapo bitireti inaruka kutoka 32 mpaka 320 ndani ya muda mfupi sana, hakuna kukatika, hakuna kuchakacha, hakuna kuganda. Kuna ukurasa wa taarifa za wimbo ukiufungua unaona bitireti inabadilika badilika wimbo ukiendelea, kitu kizuri sana kukiangalia manake unajua kweli dekoda inasoma kila fremu na haikariri namba ya mwanzo.

Shida inaanza kwenye saa.

Pleya ikifungua faili inatakiwa ikwambie wimbo una dakika ngapi. Kwa CBR ni hesabu nyepesi, ukubwa wa faili gawanya kwa bitireti, umemaliza. Kwa VBR hesabu hiyo haifanyi kazi, ni sawa na kukadiria gari litafika saa ngapi kwa kuangalia spidi yake linapotoka getini. Ndo maana ikabuniwa heda ya Xing, ambayo inakaa ndani ya fremu ya kwanza kabisa na imebeba jumla ya fremu, jumla ya baiti, na jedwali la pointi 100 linaloonyesha asilimia fulani ya wimbo iko wapi ndani ya faili. LAME inaiweka yenyewe bila kuombwa. Pleya ikiisoma inajua dakika kamili, zidisha fremu kwa milisekunde 26 na kidogo umepata.

Hii pleya inaisoma Xing, na hapo naipa maksi zake. Ila inategemea imeikuta wapi. Albamu niliyoweka picha kubwa ya kava ndani ya faili, ile picha inakaa kwenye tagi ya ID3 (sehemu ya jina la wimbo, msanii na kava) mwanzoni kabisa kabla ya fremu ya kwanza, na picha ikiwa nzito hii pleya inaonekana inachoka kutafuta, inakata tamaa, inakisia. Wimbo wa dakika 4 kamili uliotengenezwa kwa V0, wenye kama megabaiti 7.35, pleya ikauandika dakika 7 na sekunde 39. Nikaipiga hesabu hiyo namba imetoka wapi: ni ukubwa wa faili kugawanya kwa 128 kbps. Na 128 yenyewe inatoka kwenye ile fremu ya heda, manake LAME ikitengeneza VBR mara nyingi hiyo fremu ya Xing yenyewe inapewa bitireti ya 128, sasa pleya isiyoielewa inaichukulia kama fremu ya kawaida ya muziki na inaona faili nzima ni 128. Kwa hiyo ukiona pleya yako inasema kila wimbo wako wa VBR ni 128, ujue haisomi heda, usihangaike kutafuta mchawi mwingine.

Nikatoa ile picha, nikaweka ndogo ya pikseli 300 kwa 300, JPEG ya kawaida na siyo ile aina inayofunguka taratibu taratibu, ikasoma dakika 4 kamili. Faili ileile, muziki uleule, kilichobadilika ni picha tu.

Sasa chukua faili ambayo haina heda kabisa, mfano zile zilizorekodiwa kutoka kwenye strimu au zilizokatwa na programu isiyojali. Hapo pleya inaangalia bitireti ya fremu ya kwanza tu. Tuseme wimbo una megabaiti 6 na wastani wake ni 200 kbps, dakika zake za kweli ni 4. Kama unaanza na ukimya fremu ya kwanza ni 32 kbps, skrini inakwambia dakika 25. Kama umeanza kwa kishindo fremu ya kwanza ni 320, skrini inakwambia dakika 2 na nusu. Huo wa dakika 25 unachekesha tu, ukiisha unaisha, unaruka unaofuata. Lakini huo wa dakika 2 na nusu ndo unauma, kwa sababu kuna pleya zikifika kwenye muda zilioukisia zinakata wimbo na kwenda unaofuata hata kama bado kuna muziki. Hii ninayoiandikia haikati, inaendelea mpaka faili iishe huku saa imesimama palepale mwisho, na kwa hilo nashukuru sana, manake pleya inayokula mwisho wa wimbo mi siwezi kuishi nayo.

Kuna heda nyingine inaitwa VBRI, inatoka kwenye enkoda za Fraunhofer, wenyewe walioshiriki kuivumbua MP3. Hiyo inakaa baiti 32 baada ya zile baiti 4 za mwanzo wa fremu ya kwanza. Hii pleya haiijui kabisa. Inapiga sauti sawa ila dakika inakisia kama vile hakuna heda. Faili za namna hiyo siyo nyingi siku hizi, ila kama una mkusanyiko wa zamani utakutana nazo, na utashangaa kwanini albamu moja tu dakika zake zimevurugika wakati nyingine ziko sawa.

Halafu kuna faili ambazo heda ipo lakini inadanganya. Ukiunganisha nyimbo tatu za VBR kwa kuzibandika tu moja nyuma ya nyingine, heda inayosomwa ni ya wimbo wa kwanza, inasema dakika 4, na nyuma yake kuna dakika nyingine nane ambazo kwa pleya ni kama hazipo. Ukikata kipande cha sekunde 30 bila kuandika heda upya, bado itasema dakika 4. Hapo siilaumu pleya hata kidogo, imeambiwa uongo na imeuamini, lawama ni ya programu iliyokata.

Sasa tuje kwenye kufowadi, na hapa wasikiliza podikasti naomba mtulie. Lile jedwali la Xing lina pointi 100 tu, haijalishi faili ina urefu gani. Wimbo wa dakika 4 kila pointi ni sekunde 2 na kidogo, huwezi hata kuhisi. Lakini kipindi cha saa 2 kila pointi ni sekunde 72. Na kila pointi imeandikwa kwa baiti moja tu, yaani faili nzima imegawanywa sehemu 256, kwa hiyo hata hiyo pointi yenyewe iko karibu karibu tu. Katikati ya pointi mbili pleya inakisia. Ukishika batani ya mbele mpaka dakika ya 50, saa inasema dakika ya 50, masikio yanasikia mazungumzo ambayo kwenye kompyuta yako dakika ya 49 na kitu. Kwa muziki sijali. Kwa mtu anayesikiliza somo na ameandika kwenye daftari kwamba ile sehemu muhimu iko dakika ya 50 na sekunde 20, inakera kweli.

Kibaya zaidi ni kuzima na kuwasha. Hii pleya ina kukumbuka ulipoishia, jambo jema, ila inakumbuka kwa dakika badala ya kukumbuka mahali ndani ya faili, kwa hiyo ikiwaka inatafuta tena kwa lile jedwali na inakuangusha nyuma kidogo au mbele kidogo ya ulipoachia. Kurudishwa nyuma unavumilia. Kurushwa mbele kwenye kitabu cha hadithi ukakuta mtu ameshakufa na hujui nani kamuua, hapana, hiyo ni kasoro na watengenezaji wanatakiwa wairekebishe. Kwenye CBR tatizo hili halipo kabisa, inarudi palepale.

Fomati nyingine kwa kifupi. AAC ndani ya M4A inaenda vizuri sana kwenye kufowadi hata ikiwa na bitireti inayobadilika, kwa sababu lile boksi la M4A linabeba orodha ya ukubwa wa kila fremu, pleya haina haja ya kukisia chochote. Ogg Vorbis nayo kwa asili yake ni ya bitireti inayobadilika, na kila ukurasa wa Ogg umeandikwa nafasi yake kwa sampuli, hivyo dakika ziko sawa, kufowadi kuna uzito kidogo lakini inafika. FLAC inapiga bila neno. Opus haisomi, inairuka tu kama haipo.

Kuunganisha nyimbo bila mwanya, zile albamu za laivu ambapo makofi yanatoka wimbo mmoja kuingia mwingine, haiwezi. LAME inaandika ndani ya tagi yake sampuli ngapi za ziada ziko mwanzoni na mwishoni ili pleya izikate, hii haizikati, unasikia kijikimya kifupi kila wimbo unapobadilika. Hilo halihusiani na VBR, CBR ya LAME nayo inafanya vilevile, nalitaja kwa sababu nimeona watu wanaisingizia VBR.

Betri pia watu wanaisingizia. Mi sijaona tofauti yoyote kati ya V2 na CBR kwenye hii pleya, kinachokula chaji ni skrini ikibaki inawaka, ipunguze mwanga na muda wa kuzimika utaona.

Haya, ufanyeje kama tayari unayo au unaitaka? Kwanza usikimbilie kugeuza maktaba yako yote iwe CBR. Kugeuza MP3 kuwa MP3 nyingine kunapunguza ubora kila unapofanya, na karibu kila kitu nilichoeleza hapa kinatibika bila kugusa sauti. Ukiwa na foobar2000, programu ya muziki ya kompyuta, kuna kazi yake ya kurekebisha heda ya VBR, unachagua nyimbo zote kwa mpigo, inahesabu fremu upya na kuandika heda mpya, biti za muziki haziguswi. Ukiwa ni mtu wa kuandika amri, programu ya ffmpeg inafanya hivyo pia: ffmpeg -i zamani.mp3 -c copy mpya.mp3, ile copy maana yake sauti inahamishwa kama ilivyo na heda ya Xing inaandikwa upya. Faili zangu zote zilizokuwa na dakika za ajabu zilikaa sawa baada ya hapo, pamoja na zile za VBRI, na zile zilizounganishwa zikaonyesha urefu wake wote.

Pili, punguza picha za kava kama nilivyosema. Hili peke yake limeondoa sehemu kubwa ya usumbufu.

Tatu, kwa podikasti na vitabu, hapo nakubali CBR. Mazungumzo ya mtu mmoja au wawili hayahitaji makubwa, 64 kbps mono inatosha, saa nzima inachukua kama megabaiti 29, na pleya inafowadi kwa usahihi na inakumbuka ulipoishia. Au kama chanzo chako kinatoa M4A, chukua hiyo moja kwa moja.

Wapo watakaouliza kuhusu Rockbox. Rockbox ni programu huru ya kuendeshea pleya, ilianza 2001 kwa ajili ya pleya za Archos na baadaye ikaingia kwenye iPod kadhaa za zamani na zile pleya ndogo za Sansa Clip. Inasoma Xing na VBRI zote, inaunganisha nyimbo bila mwanya, na ina hadi kifaa chake cha vbrfix cha kurekebisha heda ndani ya pleya yenyewe bila kompyuta. Kwenye hii pleya haiingii, nasema mapema usije ukanunua ukitegemea hilo. Kama VBR na podikasti ndefu vyote ni vya lazima kwako na hutaki kugusa faili hata moja, tafuta iPod ya zamani au Sansa Clip iliyo nzima uiwekee Rockbox, utakuwa na amani zaidi. Na iPod hata bila Rockbox, Apple waliiandika VBR wazi kwenye orodha ya fomati zake tangu zamani, jambo ambalo hawa wa pleya za klipu mpaka leo hawajaona umuhimu wake.

Ukienda kuinunua nenda na kadi yako yenye faili tatu: wimbo wa V0 wenye kava kubwa, wimbo usio na heda unaoanza na kishindo, na kipindi kirefu cha VBR. Wa kwanza angalia dakika. Wa pili usubiri mpaka mwisho uone kama unakatwa. Wa tatu fowadi mpaka katikati, zima, washa, sikiliza umerudi wapi. Hizi pleya ndani zinabadilishwa programu bila kubadilisha boksi, kwa hiyo inayofanana na yangu kwa nje inaweza kuwa bora au mbaya zaidi, na muuzaji mwenyewe hatajua.

Kwa muziki naipa 4 kati ya 5. Kwa podikasti na vitabu vya VBR naipa 2, na hiyo alama ya pili ni kwa sababu angalau haikati faili kabla haijaisha. Wakitoa apdeti ya kukumbuka mahali ndani ya faili badala ya dakika, napandisha mpaka 4 siku hiyohiyo.